Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupata wasikilizaji mtandaoni kwa msanii wa Mombasa asiye na lebo

Maswali haya huletwa na wasanii wa Kisauni, Likoni, Changamwe, Mji wa Kale na majirani zetu wa Mtwapa, wanaotoa nyimbo kwa pesa zao wenyewe. Hayakupangwa kwa umuhimu. Mwenye haraka aruke hadi swali la WhatsApp, maana ndilo zito kuliko yote na ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Wimbo umetoka studio jana usiku. Niupandishe leo?

Hapana. Jipe wiki tatu, nne ikiwezekana. Msambazaji, yaani kampuni itakayoupeleka wimbo wako mtandaoni, anahitaji siku kadhaa kuukagua na kuufikisha kwenye majukwaa. Spotify nao hupokea maombi ya plelisti za wahariri wao kwa wimbo ambao haujatoka tu. Ukiwasilisha angalau siku 7 kabla, wimbo utaingia pia kwenye orodha ya nyimbo mpya wanayopewa wafuasi wako kila Ijumaa. Ukishatoka, nafasi hiyo imekwenda.

Wiki hizo zitumie kusafisha taarifa. Jina lako liandikwe namna moja kila mahali, herufi kwa herufi, na majina ya mtunzi na prodyuza yawepo. Mombasa hii ina akina Dogo wangapi? Jina likifanana na la mwingine, wimbo wako unaweza kutua kwenye ukurasa wa msanii wa Brazil, na kuutoa huko ni kuandikiana barua pepe hadi uchoke. Kava, yaani picha ya jalada la wimbo, iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za majukwaa, la sivyo itarudishwa. Faili iwe WAV, si ile MP3 ambayo prodyuza alikurushia uisikilize njiani.

Kwa nini kila mtu anasema Ijumaa?

Kwa sababu Julai 2015 kampuni za rekodi za nchi nyingi zilikubaliana nyimbo mpya zitoke siku hiyo, na plelisti za nyimbo mpya zikafuata ratiba hiyo. Hulazimiki. Lakini ukiichagua, usianze kutangaza saa saba mchana, wakati nusu ya wasikilizaji wako wako msikitini na nusu wanatafuta biriani. Ngoja alasiri ipite.

Msambazaji nimchague yupi?

Msambazaji ni kampuni inayochukua faili lako na kulipeleka Spotify, Boomplay, Apple Music, TikTok na kwingineko, kisha inakukusanyia malipo. Wote wanafikisha nyimbo kule kule. Tofauti iko kwenye namna ya kulipa. DistroKid hutoza ada ya mwaka na unapandisha nyimbo upendavyo, ila ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa uwe umelipia ziada ya kuziacha zibaki. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Mwenye nyimbo nyingi kwa mwaka atafaidi wa kwanza. Mwenye wimbo mmoja anaoutaka ubaki miaka kumi bila kuhangaika, huyo wa pili.

Kabla ya kulipa popote, hakikisha jambo moja: pesa zikikusanyika, zitakufikiaje Kenya? Kama jibu haliko wazi, tafuta mwingine. Na usimpe rafiki mwenye kadi ya benki akufungulie kwa barua pepe yake. Urafiki ukivunjika, nyimbo ziko kwake.

Spotify, YouTube, Boomplay, Mdundo... nguvu niweke wapi?

Wimbo uwe kote, nguvu ziwe sehemu mbili. Kwa msanii wa Pwani anayeanza, YouTube kwanza, kwa kuwa ndiko watu wetu wanakotafuta wimbo wakisikia mstari mmoja kwenye matatu. Ya pili inategemea msikilizaji wako. Boomplay ilikua kwa kuja ikiwa tayari imewekwa ndani ya simu za Tecno, kwa hivyo usiidharau kwa sababu tu wewe una iPhone. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, humruhusu mtu apakue wimbo na kuusikiliza bando likiisha, na miksi za madijei zinasikilizwa sana kule. Wimbo wako ukiingia kwenye miksi ya chakacha ya dijei anayejulikana, umefika arusini bila kualikwa. Spotify iliingia Kenya Februari 2021 na wasikilizaji wake ni wale wenye bando la kutosha, wengi wao Nairobi na nje ya nchi. Kama muziki wako ni wa kusikilizwa usiku na vipokea sauti, huko ndiko.

Nilipata watazamaji elfu tatu wiki ya kwanza, kisha kimya. Nitoe wimbo mwingine?

Swali hili ndilo linaloua wasanii wengi, kwa sababu jibu la haraka ni ndiyo. Anatoa mwingine, unapata elfu mbili, anatoa wa tatu, unapata mia tisa, kisha anasema watu wa Mombasa hawapendi vyao.

Elfu tatu wa wiki ya kwanza aghalabu ni ndugu, wanafunzi mliosoma pamoja, majirani na wasanii wenzako wanaotaka nawe uwatazame. Wamekupa heshima yao. Msikilizaji wa kweli hajaanza kufika bado, na wewe umeshaondoka.

Wimbo mmoja ufanyie kazi miezi mitatu au minne. Kwanza fungua YouTube Studio, penye takwimu za video zako, utazame sehemu mbili tu. Moja, watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Kama theluthi inakimbia kabla hujafungua kinywa, tatizo ni ile video yenye dakika nzima ya gari linalopita daraja la Nyali na majina ya waliochangia. Ikate, uipandishe tena kama video ya maneno ya wimbo yanayopita, anza na sauti. Spotify nao huhesabu strimu, yaani wimbo kusikilizwa mara moja, baada ya sekunde 30. Anayetoka ya 25 hakuhesabiwa. Mbili, wako wapi. Hapo ndipo watu hushtuka. Wasanii wetu wengi hukuta Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, halafu Muscat, Dubai, Jeddah na Doha. Mpwani aliye Ghuba ana hamu ya nyumbani, ana intaneti nzuri, na saa zake hazipishani na zetu ila kwa saa moja au hakuna kabisa. Ukijua kwamba una wasikilizaji mia mbili Muscat, tangazo lako dogo la kulipia lielekezwe Muscat, si Nairobi. Mtumie wimbo yule binamu aliyeko huko, aupeleke kwenye kundi la akina mama wa Kimombasa.

Kisha uvae wimbo nguo nyingine. Toleo la gitaa au udi peke yake. Toleo la moja kwa moja barazani. Kipande cha kiitikio kilichoimbwa na watoto wa mtaa. Kila toleo ni sababu mpya ya kumrejesha mtu kwenye wimbo ule ule, na gharama yake ni ndogo kuliko wimbo mpya studio.

Kuna wasanii watakaokwambia mtandao unataka utoe kila wiki. Mtandao hautaki chochote. Wanaotaka ni wauzaji wa muda wa studio.

Niimbe kwa Kiswahili chetu au nifuate Sheng ya Nairobi au Bongo?

Imba kwa ulimi ulionao. Sisemi hivi kwa ajili ya kulinda utamaduni, wengine watasema hilo vizuri kuliko mimi. Nasema kwa hesabu: anayeimba Sheng anashindana na Nairobi nzima kwenye uwanja wa Nairobi, na anayeiga Bongo anashindana na watu wenye bajeti za video ambazo wewe huna. Anayeimba chakacha, mwanzele au bango kwa lafudhi ya hapa hana wapinzani wengi, na lugha yake inaeleweka kutoka Lamu hadi Vanga, Pemba, Unguja, na kwa kila aliyehama. Mzee Ngala aliijenga bango kwa miaka mingi na jina lake halikuchanganywa na la mtu. Them Mushrooms walianza mwaka 1972 wakipiga kwenye hoteli za pwani hii, na walijua wazi wanampigia nani: mgeni aliyetaka kurudi kwao na wimbo mdomoni. Wewe pia ujue unampigia nani.

TikTok inataka sehemu gani ya wimbo?

Ile ambayo watu huimba nawe studio bila kuambiwa. Wasambazaji wengi hukuruhusu kuchagua sekunde ambapo kipande kitaanzia. Ukiacha wazi, kitaanza pasipofaa na umejikosesha.

Wengi hulipa wachezaji densi. Mimi ningeanza na biashara za arusi. Mombasa ina wapambaji wa kumbi, wachoraji wa hina na piko, washonaji wa madera, wapishi wa mahamri na wapiga picha, na wote hao hupandisha klipu kila siku wakitafuta sauti ya kuweka chini ya kazi yao. Mchoraji piko wa Majengo mwenye wafuasi elfu kumi, wote wanawake wanaopanga arusi, atakufikishia wimbo wa mapenzi kwa mtu sahihi zaidi kuliko mchezaji mwenye laki mbili. Mpe wimbo, mwombe autumie mara moja, mtaje jina na uisambaze klipu yake kwenye kurasa zako. Hapo hujatumia hata shilingi, labda soda.

Kuna kijana ananiuzia strimu elfu hamsini kwa bei nzuri.

Mkatae. Tangu 2024 Spotify huwatoza wasambazaji faini kwa kila wimbo unaokutwa na strimu nyingi za bandia, na msambazaji hukukata wewe au huushusha wimbo kabisa. YouTube nao hufuta watazamaji bandia. Hasara kubwa zaidi iko kwenye takwimu zako: baada ya hapo hutajua tena nani msikilizaji na nani ni roboti, na ile kazi ya kuwatafuta wa Muscat imeharibika.

Ni kweli Spotify hailipi chini ya strimu 1,000?

Kweli. Tangu mwanzo wa 2024 wimbo lazima uwe umefikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita ndipo uhesabiwe kwenye mgao. Na hakuna bei maalumu kwa strimu moja. Mapato hukusanywa kapu moja na kugawanywa kwa sehemu. Ndiyo sababu nyingine ya kushikilia wimbo mmoja badala ya kutawanya sita.

Basi pesa zitatoka wapi?

Mwanzoni, kwenye shoo. Mtandao ni wa kukufanya uitwe. Lakini usiache pesa mezani.

YouTube inataka wafuasi 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo ugawiwe mapato ya matangazo kwa ukamilifu. Malipo hutoka yakifika dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani hata kama hujawahi kuikanyaga nchi hiyo: Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato nao, kwa hivyo Google hukata asilimia 30 ya kile kilicholetwa na watazamaji walioko Marekani. Ukikaa bila kujaza, inaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Watu hupuuza fomu hii kwa sababu ni ndefu.

Skiza, huduma ya Safaricom ya wimbo anaousikia anayekupigia simu, nayo bado inalipa. Wimbo huingia kupitia kampuni ya maudhui yenye mkataba na Safaricom. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka mgao wazi: asilimia 52 kwa msanii au mwenye hakimiliki, 39.5 kwa kampuni ya simu na 8.5 kwa mtoa huduma wa kati. Ukipewa mkataba wenye hesabu nyingine, uliza kabla ya kutia saini. Na mtu anayeweka wimbo wako Skiza anautangaza bure kwa kila anayempigia, hata mwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti.

Nimewaambia watu wanifuate kila mahali. WhatsApp ya nini tena?

Kwa sababu wafuasi wa kila mahali si wako. Jukwaa ndilo linaloamua nani aone posti yako leo, na akaunti ikifungwa unaanza upya. Mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake ni wako.

Tenga laini moja ya kazi, usichanganye na ya mama. Kila shoo, kila arusi, kila klipu ikisambaa, mwambie msikilizaji ahifadhi namba hiyo kwa jina lako na akutumie neno moja, mfano jina la wimbo. Orodha ya kutangazia ya WhatsApp (broadcast list) huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hivyo ukimaliza kumwomba, hakikisha amehifadhi kweli. Baada ya hapo mpe kitu ambacho hakiko kwengine: kipande cha wimbo kabla haujatoka, maneno ya beti uliloliondoa, tangazo la shoo ya Likoni siku mbili kabla ya wengine. Usimtumie kila siku. Mara mbili kwa mwezi inatosha, na wimbo ukitoka utamtumia kiungo saa ile ile. Watu mia mbili wanaofungua wimbo ndani ya saa ya kwanza na kuusikiliza hadi mwisho hufanya kazi ambayo tangazo la kulipia haliwezi, kwani majukwaa huangalia mwendo wa mwanzo kisha huamua kuupeleka mbele au kuuacha.

Gawa orodha kwa mahali: Kisauni, Tanga, Muscat. Ukialikwa Tanga, unajua wa kuwaita.

Chaneli za WhatsApp, zilizokuja 2023, hazina kikomo cha 256 na zinafaa ukishakua. Lakini huko humjui mtu kwa jina, naye hakujibu. Anza na orodha.

Redio bado ina maana?

Sana, hasa kwa jina kukomaa. Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Rahma, na Radio Kaya kwa upande wa Kwale husikilizwa jikoni, dukani na kwenye tuktuk, ambako hakuna anayefungua Spotify. Peleka WAV, maelezo ya mistari mitano na namba yako, kisha fuatilia kwa heshima. Ukipewa mahojiano, jina la YouTube lako litaje mara tatu polepole. Mtu akikuomba pesa ili wimbo upigwe, ondoka. Watangazaji wengine wapo. Dereva na dijei wa matatu za Mtwapa na Ukunda wape kwenye flashi.

MCSK, PRISK au KAMP?

Vyote ni vyama vya kukusanyia wasanii malipo nyimbo zikipigwa hadharani. MCSK ni ya watunzi wa muziki na mashairi, PRISK ni ya waimbaji na wapigaji, KAMP ni ya wenye rekodi. Msanii anayejitungia, kujiimbia na kujigharamia ana haki za aina zote tatu. Leseni za vyama hivi hutolewa na bodi ya hakimiliki, KECOBO, na zimekuwa na mivutano, kwa hivyo uliza KECOBO ni nani mwenye leseni mwaka huu kabla ya kulipa kiingilio. Kazi yako yenyewe isajili kwao pia.

Biti niliichukua YouTube, imeandikwa ya bure. Sasa nimepigwa madai ya hakimiliki.

“Ya bure” mara nyingi ni bure kwa kujaribia, si kwa kuuza. Na hata ukiinunua kwa leseni isiyo ya kipekee, watu wengine hamsini wanaimba juu yake. Mmoja wao akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mapato ya video zenu nyote huelekea kwake. Tafuta risiti, pinga madai kwa maandishi, na safari ijayo mlipe prodyuza wa hapa akutengenezee. Muandikiane asilimia kabla wimbo haujatoka, hata kwa ukurasa mmoja.

Nataka kurudia taarab ya zamani. Mwimbaji ameshafariki.

Kufariki kwake hakukufungui. Kenya hulinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mtunzi aliyeaga 2014 analindwa hadi mwisho wa 2064. Rekodi yenyewe ina miaka yake 50 tangu ilipofanywa. Kwenye taarab ya Mombasa kuna utata zaidi: mshairi mara nyingi si mwimbaji, na baadhi ya tuni zilitoka kwenye filamu za Kihindi. Tafuta familia ya mshairi kwanza. Aghalabu wazee hufurahi kuombwa ruhusa. Kinachowaudhi ni kusikia wimbo kwa jirani.

Nitoe wimbo Ramadhani?

Kaswida, ndiyo, na mapema kabla mwezi haujaandama. Wimbo wa kucheza uweke Idi.

Kolabo na msanii mkubwa itanitoa?

Itakupa wiki moja ya wasikilizaji wake. Kama ukurasa wako una nyimbo nyingine nzuri tatu za kuwashika, lipa. Kama huna, pesa hiyo irekodi hizo tatu.

Sina pesa ya video kabisa.

Pandisha kava yenye maneno ya wimbo yanayopita. Watu wanaotaka kuimba nawe huirudia zaidi ya video ya bei. Ukipata kamera baadaye, piga asubuhi, mwanga wa saa moja ni bora kuliko taa za kukodi. Ufukwe wa Nyali na vichochoro vya Mji wa Kale vinatosha ukiomba ruhusa kwa wenye nyumba. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo chukua kibali na uulize ada kabla hujamlipa mpiga picha siku nzima.